Kongo Iliyobaki Ukurasani: Katuni ya Kundi la Mashujaa na Safari Yake Hadi Tamthilia ya Televisheni

Katuni ya kundi la mashujaa, yaani hadithi ya michoro iliyopangwa katika visanduku vinavyofuatana na inayosimulia habari za watu kadhaa wenye nguvu zisizo za kawaida wanaopigana bega kwa bega, imekuwa kwa zaidi ya nusu karne mojawapo ya hazina ambamo televisheni ya dunia huchota hadithi zake. Kuihamisha katuni ya namna hiyo hadi tamthilia ya waigizaji halisi, ambayo hupigwa picha kwa miili ya watu na mahali pa kweli wala si kwa vibonzo, yaani michoro inayotembea, ni kazi ambayo watu wengi huijadili kana kwamba ugumu wake wote umo katika kufanana: kama vazi la mwigizaji litalingana na lile lililochorwa, na kama sura yake itawaridhisha wasomaji wa zamani. Mhadhara huu unashikilia kwamba swali zito zaidi ni la mahali. Katika kila uhamisho kuna kinachobebwa na kinachoachwa, na mahali ambapo hadithi inaweza kuendelea bila kupahitaji ndipo panapoachwa kwanza. Na kwa msomaji wa Bukavu jambo hilo si nadharia tupu, kwa sababu Kongo yenyewe imekwisha kuachwa njiani kwa namna hiyohiyo.

Mwaka 2011 kampuni ya Marekani ya DC Comics, katika mfululizo wa Batman Incorporated ulioandikwa na Grant Morrison, ilimtambulisha shujaa aitwaye Batwing, ambaye jina lake la kuzaliwa ni David Zavimbe na ambaye nchi yake ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Septemba ya mwaka huohuo alipewa mfululizo wake mwenyewe, ukiandikwa na Judd Winick na kuchorwa na Ben Oliver. Zavimbe ni yatima aliyefanywa askari angali mtoto pamoja na ndugu yake, akajinasua, akalelewa upya, akawa polisi katika mji wa kubuni uitwao Tinasha, na usiku huvaa vazi la chuma lenye mabawa ili kupigana na uhalifu ambao polisi wenzake wanaufumbia macho. Ndani ya hadithi hiyo mna pia kundi la mashujaa wa Kiafrika liitwalo The Kingdom, ambalo hapo zamani lilishiriki kumwangusha dikteta wa nchi, na washiriki wake sasa wanawindwa mmoja baada ya mwingine na muuaji aitwaye Massacre, ambaye hatimaye anajulikana kuwa ni yule ndugu wa Zavimbe mwenyewe. Yeyote aliyewahi kuandika kwa ajili ya televisheni ataona mara moja kwamba hapo tamthilia ilikuwa imekwisha kujengwa nusu yake: kundi lililovunjika, dhambi ya zamani inayodai malipo, ndugu wawili waliotoka katika jeraha moja wakafuata njia mbili.

Tamthilia hiyo haikutengenezwa. Mwaka 2013, kuanzia toleo la 19, vazi la Batwing lilihamishiwa kwa Luke Fox, kijana wa Kimarekani, mwana wa Lucius Fox ambaye ni mtu wa karibu wa Batman, na hadithi ikarudi Gotham, mji wa Batman. Kituo cha The CW kilipotoa tamthilia ya waigizaji halisi ya Batwoman, iliyorushwa kutoka mwaka 2019 hadi 2022, aliyevaa mabawa hayo mwishoni mwa msimu wa pili, mwaka 2021, alikuwa Luke Fox, akiigizwa na Camrus Johnson. Jina lilipita na mabawa yakapita, hata mahali pa shujaa huyo katika kikosi kinachomzunguka Batwoman pakapatikana, lakini Tinasha, The Kingdom na mtoto aliyekuwa askari vilibaki ukurasani.

Ingekuwa rahisi kueleza jambo hilo kwa dharau ya Wamarekani kwa Afrika na kuishia hapo, lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa maana hayamfundishi kitu mwandishi wa Kongo anayetaka kufanya kazi tofauti. Sababu iliyo ndani zaidi iko katika ujenzi wa hadithi yenyewe. Nguvu za Zavimbe hazikutoka Kongo. Vazi lake, silaha zake na ruhusa yake ya kuitwa shujaa vilitoka kwa tajiri wa Gotham aliyekuwa akigharimia mashujaa katika nchi mbalimbali. Tinasha, kwa upande wake, ulikuwa jina bila udongo: mji usio na ziwa unaloweza kulitambua, usio na soko wala lugha, ambao ungeweza kuwekwa popote katika bara bila kubadilisha mstari mmoja wa mazungumzo. Kitu kimoja tu katika katuni hiyo kilikuwa cha mahali hapo kwelikweli, nacho ni utoto ulioibwa na vita, na hicho ndicho ambacho mmiliki mpya wa vazi hakuhitaji kukirithi. Chanzo cha nguvu kikiwa ugenini, hadithi nayo hurejea ugenini mara tu inapopata nafasi.

Jambo hilo linaonekana pia kwa Storm, mwanamke wa kundi la X-Men anayetawala hali ya hewa, ambaye alibuniwa na Len Wein na Dave Cockrum mwaka 1975; ni mtoto wa mama Mkenya, na anaonyeshwa akiishi Kenya anapoitwa kujiunga na kundi. Filamu ya X-Men ya mwaka 2000 ilimchukua pamoja na mvua zake bila kuionyesha Kenya. Wakanda, nchi ya kubuni iliyoanzishwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, ilitendewa kwa heshima kubwa zaidi katika filamu ya Ryan Coogler ya mwaka 2018, ambayo ilipata zaidi ya dola bilioni 1.3 na kuleta furaha ya haki katika miji mingi ya Afrika. Hata hivyo sehemu kubwa ya filamu hiyo ilipigwa picha Atlanta, misitu ya Bwindi na vilele vya Rwenzori vikapigwa kutoka angani, na lugha ya wananchi wa nchi hiyo ya Afrika Mashariki ikawa Kixhosa cha Afrika Kusini. Milima ya Rwenzori, ambayo ubavu wake mmoja uko Kongo, imo ndani ya filamu kama mandhari isiyo na wenyeji.

Gharama nayo ina neno lake katika kuamua kinachoachwa, na hapo kundi lina ugumu ambao shujaa wa peke yake hana. Mchoraji anayeweka watu saba katika kisanduku kimoja hutumia wino na karatasi ileile ambayo angeitumia kwa mtu mmoja. Akitaka mji ubomoke, unabomoka kwa kalamu. Na pengo lililopo kati ya kisanduku na kisanduku hujazwa na msomaji mwenyewe, jambo ambalo Scott McCloud alilieleza kwa kina katika kitabu chake Understanding Comics cha mwaka 1993. Mwongozaji wa tamthilia, yaani mtu anayeamua kamera isimame wapi na waigizaji wasogee vipi, anahitaji miili saba, maleba saba, ambayo ni mavazi ya uigizaji, chakula cha watu saba, na saa nyingi za kumpiga kila mmoja picha peke yake, kwa kuwa mazungumzo ya watu saba chumbani hayaeleweki mpaka kila uso uonekane ukisema na ukisikiliza. Ndiyo maana bajeti huingia katika hadithi na kuanza kukata. Televisheni ya ABC ilipotoa Inhumans mwaka 2017, tamthilia ya sehemu 8 iliyotokana na kundi la mwaka 1965, malkia Medusa, ambaye nguvu zake zote zimo katika nywele ndefu zinazoshika na kupiga, alinyolewa mapema mno. Sababu ilitolewa ndani ya hadithi, lakini watazamaji wengi waliona humo mkono wa mhasibu, na malkia aliyebaki hakuwa na kazi inayolingana na jina lake.

Wapo waliopata njia ya busara zaidi. Tamthilia ya Doom Patrol, iliyoanza mwaka 2019 na kutokana na katuni ya mwaka 1963, ina washiriki wawili ambao nyuso zao hazionekani kwa muda mwingi, mmoja akiwa mtu wa chuma na mwingine amefungwa bendeji mwili mzima. Riley Shanahan na Matthew Zuk walivaa maleba hayo mbele ya kamera huku Brendan Fraser na Matt Bomer, waigizaji mashuhuri, wakitoa sauti. Japani ilikuwa imekwisha kuonyesha tangu mwaka 1975, katika tamthilia ya Gorenger iliyobuniwa na mchora katuni Shotaro Ishinomori, kwamba kundi la watu watano waliofunikwa barakoa za rangi tano linaweza kuongozwa kwa gharama ndogo, kwa sababu nyuma ya barakoa mpiganaji hodari huchukua nafasi ya mwigizaji bila mtazamaji kutambua. Kutokana na mfumo huohuo Wamarekani walitengeneza Power Rangers mwaka 1993, wakichukua mapigano yaliyopigwa Japani na kuyaunganisha na nyuso za vijana wa kwao. Somo hapo lina pande mbili: barakoa huokoa fedha, na barakoa hurahisisha kubadilisha nchi ya aliye nyuma yake.

Kongo haikuanza jana kujua uhusiano wa katuni na skrini. Katika miaka ya 1950 wamisionari Wakatoliki walikuwa na nyumba tatu za kutengeneza filamu kwa ajili ya watazamaji Wakongomani: Edisco-Films huko Léopoldville, Luluafilm huko Luluabourg, mji ambao leo unaitwa Kananga, na Africa Films hapahapa Bukavu, iliyoongozwa na Padri Roger De Vloo wa shirika la Mapadri Weupe. Kutoka Luluafilm ya Padri Albert Van Haelst walitokea Mata Mata na Pili Pili, wachekeshaji wawili ambao miaka ya 1970 mchoraji Mongo Sisé aliwageuza kuwa watu wa katuni. Safari ilikwenda kinyume, kutoka skrini hadi ukurasa, lakini katika kwenda huko jambo kubwa lilitendeka: wahusika waliobuniwa na padri wa Kibelgiji ili kuwachekesha na kuwafunza Wakongomani wa enzi ya ukoloni walihamia katika kalamu ya Mkongomani. Kizazi cha Mongo Sisé, pamoja na jarida la Jeunes pour Jeunes lililoanzishwa Kinshasa mwaka 1968 na baadaye wachoraji kama Barly Baruti na Pat Masioni, kinathibitisha kwamba mkono wa kuchora haujawahi kupungua nchini. Masioni alichora hata kwa DC, katika Unknown Soldier, katuni ya vita iliyowekwa kaskazini mwa Uganda. Kilichopungua ni daraja la kutoka ukurasani kwenda mbele.

Kabla daraja hilo halijajengwa Bukavu, liko jambo moja ambalo mwandishi wa tamthilia ya mashujaa katika Kivu hana budi kulikabili, na ambalo mwandishi wa Marekani hakabiliani nalo. Katika katuni za Marekani risasi inayogonga kifua cha shujaa na kuanguka chini ni desturi ya michoro tu, na msomaji huipita kwa tabasamu. Katika Kivu kifua kisichopenywa na risasi ni dai lenye historia na lenye makaburi. Waasi wa Simba wa mwaka 1964, walioushambulia mji wa Bukavu mwezi wa Agosti na kurudishwa nyuma na askari wa Kanali Léonard Mulamba, walipakwa dawa iliyosemekana kugeuza risasi kuwa maji, na imani hiyo ikarithiwa na makundi ya Mai-Mai yaliyoenea mashariki mwa nchi tangu miaka ya 1990, ambamo watoto wengi waliingizwa. Dawa hiyo ilikuja na miiko: asiguse hiki, asile kile, asitazame nyuma. Aliyekufa alihesabiwa kuwa amevunja mwiko, kwa hiyo lawama ya kifo ilimwangukia maiti, na aliyemtuma hakuulizwa neno.

Kwa upande wa ufundi wa hadithi, miiko hiyo ni utajiri, kwa kuwa nguvu inayofungwa na masharti huzaa njama bora kuliko nguvu ambayo mtu anayo tu kama mali. Kwa upande wa dhamiri ni mzigo mkubwa, na mzigo huo unakua pale hadithi inapotoka katika mchoro na kuingia katika mwili. Kijana aliyechorwa akiwa hapenywi na risasi ni ishara. Kijana wa Kadutu, hapa Bukavu, aliye hai na anayejulikana mtaani kwake, akionyeshwa kwenye skrini akisimama mbele ya bunduki bila kuumia, anaweza kutazamwa na mtoto wa miaka 12 ambaye keshokutwa atafikiwa na mtu mwenye chupa ya dawa. Tamthilia ya namna hiyo haina haki ya kuonyesha ulinzi wa risasi bila kumwonyesha pia mtu anayefaidika kwa kuugawa. Katika kundi la mashujaa wa Kivu, basi, ni vyema nguvu ya kutopenywa isiwepo kabisa, au iwe mikononi mwa adui kama uongo unaouzwa. Na huu ni uamuzi wa kufanywa katika hatua ya mswada, kabla mchoraji hajashika kalamu, kwa kuwa katuni ikishapendwa wasomaji hudai kila kilichomo kiletwe.

Kivu haina upungufu wa nguvu za aina nyingine. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga wa Walikale, msimulizi Shé-Kárisi Candi Rureke aliimba, akasimulia na kuicheza kwa siku 12 hadithi ya Mwindo, ikaandikwa na kutolewa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Na ndugu zao Warega wa Shabunda na Mwenga, ndani ya Kivu Kusini, wana tendi zao wenyewe za mashujaa. Mwindo ni mwana wa Shemwindo, chifu wa Tubondo, ambaye aliamuru wake zake wazae wasichana tu. Naye huzaliwa akitembea na kusema, mkononi akiwa na usinga wenye nguvu, shoka dogo, na mfuko wenye kamba ndefu. Baba humrushia mikuki, humzika, humtia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, naye hupanda mto kinyume cha maji kwenda kumtafuta shangazi yake Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, nyoka bwana wa maji.

Yapo mengi ya kumvutia msomi katika utendi huo, lakini kwa mada ya mhadhara huu lililo kuu ni kwamba Mwindo hashindi hata mara moja akiwa peke yake. Shangazi yake anaposhikiliwa mahali palipochimbwa mashimo ya mitego, buibui humtandia madaraja juu ya mashimo hayo. Wajomba zake, ambao ni popo na ni wahunzi, humfua upya kama chuma ili aweze kwenda vitani. Nkuba, ambaye ni radi, hushuka na kuiteketeza Tubondo kwa ajili yake. Anapomfuata baba yake kuzimu, katika nchi ya Muisa, humwachia shangazi ncha moja ya kamba, ili kamba ikiacha kutikisika ajulikane kuwa amekufa. Hapa pana kundi kamili, kila mshiriki akiwa na kazi ambayo mwingine haiwezi, na hakuna nguvu hata moja iliyotoka kwa tajiri wa mbali: buibui ni wa msitu huo, radi ni ya milima hiyo, uhunzi ni wa ukoo huo wa ujombani. Ondoa msitu na mto, na hakuna kinachobaki cha kupelekwa Gotham.

Kamba ya Iyangura inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndani yake mna ufundi wa katuni na wa televisheni kwa pamoja. Mchoraji anaweza kuipitisha kamba hiyo katika mipaka ya visanduku, ikitoka juu ya ukurasa mikononi mwa shangazi na kushuka hadi chini ambako Mwindo anahangaika gizani, hata ukurasa mzima ukawa dunia mbili zilizofungwa kwa mstari mmoja. Mwongozaji hawezi kuonyesha pande zote mbili kwa mtazamo mmoja namna hiyo, lakini ana uhariri wa picha, yaani kukata na kuunganisha vipande vilivyopigwa mahali tofauti: mkono wa mwanamke ukumbini, kamba ikitikisika, kijana shimoni, tena mkono, na safari hii kamba imetulia. Vipande vichache, mwanamke mmoja, kijana mmoja, kamba moja ya sokoni, na mtazamaji ameshikwa koo. Huo ndio uhamisho unaostahili jina hilo, kwa kuwa kila chombo kinafanya kazi yake kwa njia yake huku maana ikibaki ileile. Nao haugharimu hata sehemu ndogo ya nywele za Medusa.

Zaidi ya hayo, utendi wenyewe una umbo la mfululizo. Biebuyck alieleza kwamba wasimulizi wa Kinyanga kwa kawaida walitoa sehemu moja moja za hadithi, wala hawakuisimulia yote mfululizo kama Rureke alivyoombwa kufanya. Hadhira iliitikia nyimbo, wasaidizi wakapiga mdundo, na msimulizi akawa Mwindo kwa mwili wake, akinena kwa nafsi ya kwanza na kuushika usinga mkononi. Hiyo ni tamthilia ya waigizaji halisi iliyotangulia kamera. Na mwisho wa utendi unatoa kile ambacho katuni nyingi za kundi hukikosa, yaani mpaka wa nguvu: Mwindo anapomwua joka Kirimu, ambaye ni rafiki wa radi, Nkuba humpandisha angani na kumweka huko mwaka mzima, akipigwa na baridi, mvua na jua, mpaka ajifunze kwamba hatakiwi kuua hovyo, kisha hurudi kutawala kwa sheria. Mbele ya vijana waliokulia kati ya makundi yenye silaha, shujaa anayeadhibiwa na mwenzake wa kundi kwa kuua hana haja ya kuongezewa hotuba.

Mwandishi wa Bukavu anayetaka kuleta hadithi ya namna hiyo katika mji wa leo ana mahali panapofanya kazi. Katika maji ya chini ya Ziwa Kivu, lenye kina kinachofikia mita 485, zimeyeyuka takriban kilomita za ujazo 60 za gesi ya methani na karibu 300 za kaboni dioksidi, hata bwana wa maji anayeishi huko si mzaha tena bali ni hatari ambayo wanasayansi wanaipima. Kwenye mto Ruzizi yapo mabwawa ya umeme tangu mwaka 1958, na bado mitaa mingi hulala gizani. Radi iliyo mshiriki wa kundi katika mji wa namna hiyo ina kisa kabla haijasema neno. Wahunzi wa ujombani wanaweza kuwa mafundi wa vyuma wa Kadutu, waliozungukwa na cheche na mabati, na mtego wa mashimo upo tayari katika mmomonyoko wa vilima ambao kila masika hula nyumba za watu.

Kuhusu njia ya kutengeneza, majirani wamekwisha kuonyesha kwamba fedha kidogo hazizuii. Supa Modo, filamu ya Likarion Wainaina ya mwaka 2018, inamhusu Jo, msichana mgonjwa wa Kenya anayeamini ana nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinachoshirikiana kumtengenezea filamu. Nguvu zake zinaonekana kwa sababu wengine wamekubali kuigiza kwamba wameziona, na hapo kijiji chenyewe kinakuwa kundi. Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha zisizofikia gharama ya baiskeli nzuri, na bunduki zake zikiwa zimechomelewa kutokana na vyuma chakavu. Lakini njia ya Wakaliga haiwezi kunakiliwa Bukavu kama ilivyo. Katika mji ambao Februari 2025 uliingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, kijana anayepita barabarani na kifaa chenye umbo la bunduki anahatarisha maisha yake na ya wenzake, na hakuna sehemu ya tamthilia inayostahili hatari hiyo. Ndiyo sababu nyingine ya kuchagua kundi linalopigana kwa kamba, madaraja na radi, na ya kuanzia na katuni, ambayo huchorwa chumbani na kusubiri siku ya barabara.

Lugha ya mazungumzo haitakuwa pambo. Mwanamke wa sokoni atasema Mashi na Kiswahili cha Bukavu, mwalimu atachanganya Kifaransa, na mshiriki anayesema Lingala, hata asipovaa gwanda, ataleta akilini mwa mtazamaji wa Kivu habari ya jeshi na Kinshasa, jambo ambalo kiputo cha katuni hulionyesha nusu tu lakini sauti ya mwigizaji hulitangaza papo hapo. Kuwalazimisha wote waseme Kiswahili sanifu ili tamthilia iuzike Dar es Salaam na Nairobi kungefuta tofauti zinazolifanya kundi kuwa kundi. Maandishi ya tafsiri chini ya picha yangewafaa jirani hao vya kutosha.

Limebaki suala la miliki. Batwing ni mali ya kampuni, na ndiyo maana aliweza kuvuliwa Ukongomani wake kwa uamuzi wa ofisini. Mwindo hana kampuni, na uhuru huo una upande wake wa hatari, kwa kuwa studio yoyote ya ng'ambo inaweza kesho kulichukua jina lake na usinga wake na kumpiga picha Atlanta bila kumwuliza mtu. Kinachoweza kulindwa kisheria ni kazi mpya: michoro yenye tarehe, mswada wenye majina ya waandishi, sura za wahusika zilizosajiliwa kabla ya kuonyeshwa kwa mnunuzi. Kwa hiyo katuni ya Kivu inapaswa kuchapishwa kwanza, kwa Kiswahili, ikimtaja Rureke kwa jina kwenye ukurasa wa mbele, baada ya kuzungumza na wazee wa Kinyanga kuhusu yapi katika utendi wao yanaweza kuonyeshwa na yapi hayafai. Na mkataba wowote wa televisheni utakaofuata uwe na kifungu kinachosema kwamba hadithi haihamishwi kutoka katika ziwa, msitu na milima yake bila idhini ya walioiandika.